Kadi ya Mshauri na Shamba la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa pili

Leo nimeamua. Naingia Chama cha Washauri wa Kilimo. Si mwaka ujao, si baada ya mvua. Sasa.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni heshima. Mwanachama anavaa kizibao cha kijani na kadi inaning'inia shingoni. Akipita soko la Kampemba, wauza mbegu wanamwamkia wao kwanza. Wakulima wakitafuta mshauri wa kulipwa hawaulizi baba yako ni nani. Wanatazama shingo tu.

Sababu ya pili inaitwa Casimir. Ni mdogo wake Brigitte, mke wangu. Ana depo ya simenti na anatafuta mtu wa kusimamia wapakuaji. Asubuhi hii, kabla sijamaliza chai, Brigitte alinitangazia hukumu: mwisho wa mwezi, ama niwe na kadi shingoni, ama niende depo kwa Casimir. Alisema, "Papa Abigaëlle, miye nilishachoka kuambia bantu asema bwana yangu iko agronome." Abigaëlle ni binti yetu. Nilimjibu kwamba agronome, mtaalamu wa kilimo, anaye, yuko mbele yake. Akatazama ndoo ya nyanya iliyo mlangoni. Ina mnyanya mmoja, nao haujisikii vizuri.

Kuwa chini ya Casimir! Mimi niliyemfundisha kupanda baiskeli! Ataniita "mon petit", mdogo wangu, mbele ya wapakuaji, na wapakuaji watacheka. Afadhali nife. Si kufa kabisa, lakini afadhali.

Diploma ninayo, ya shule ya kilimo, halali kabisa. Mchana nimeipeleka kwa Madame Graciella, katibu wa Chama. Ameisoma, ameikubali. Akaniambia limebaki sharti moja: kamati ije shambani kwa mkulima niliyemshauri msimu mzima, na mkulima mwenyewe aseme kwa kinywa chake.

Jambo dogo. Nahitaji mkulima tu.

Jumanne, tarehe 3

Nimepita mtaa wetu wote wa Hewa Bora kuwatafuta watu niliowahi kuwashauri. Wako. Hilo ndilo tatizo.

Nilianza kwa Bijou, anayelima mboga za lengalenga kando ya kijito. Mwaka jana nilimwambia aongeze mbolea, na baada ya siku chache akaongeza tena, kwa sababu nilikuwa nimemwambia tena, mboga zikaungua zote. Leo nilimwuliza kama yuko tayari kusema mbele ya kamati. Alifurahi sana. Alisema anangoja siku hiyo tangu mwaka jana. Nikamwuliza atasema nini, naye akaanza kunisemea palepale, kwa sauti, majirani wakatoka nje. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Kisha Papa Pierre wa sungura. Yeye nilimhakikishia kwamba sungura wake wote ni majike na hakuna haja ya kuwatenganisha. Leo nimekuta sungura jikoni, sungura chini ya kitanda, sungura juu ya kiti cha wageni. Mtu mwingine angeita hayo mafanikio. Papa Pierre alinipa sungura wawili, akaniomba nisirudi.

Brigitte amewapika wote wawili. Walikuwa watamu, na nimemwambia kwamba haya nayo ni matunda ya ushauri wangu.

Jumatano, tarehe 4

Habari mbaya. Nimekutana na Paulin.

Paulin anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulisoma pamoja shule ya kilimo, yeye akikaa mbele, mimi nyuma karibu na dirisha. Leo alikuwa amevaa mabuti mapya ya mvua, ya manjano, na barabarani hakukuwa na tope. Alinisalimia kwa upole wa mtu mwenye jambo. Naye anaingia Chama! Halafu akaniongezea kwamba msimu huu kuna nafasi moja tu kwa commune yetu ya Kampemba. Alisema hivyo huku amenishika bega, kama anayenipa pole ya msiba.

Paulin ana mkulima. Mzee mmoja wa vitunguu, njia ya Kipushi. Amemshauri kweli, msimu mzima, kwa kwenda na kurudi. Watu wengine hawana aibu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, nikamkuta Brigitte anashusha gunia la mahindi mabichi. Makubwa! Yamejaa hadi kwenye ncha. Nikauliza yametoka wapi. Akasema kwa mama yake.

Nilikaa chini. Mama Domitille, mama mkwe wangu! Anakaa Katuba lakini shamba lake liko nje ya mji, njia ya Kasenga. Kila mwaka tunakula mahindi yake, na kila mwaka sifikirii lolote ila chumvi. Mkulima ndiye huyo. Shamba ndilo hilo. Kamati haijui kwamba ni mkwe wangu, na mimi sitawasumbua kwa habari za familia.

Alhamisi, tarehe 5

Kuna ugumu mmoja. Lazima niueleze hapa ili nijisikie vizuri.

Vijana wa siku hizi wanakaa na wakwe zao kwenye kiti kimoja wakitazama mpira. Sisi ambao wazee wetu walitoka Kabongo kwa kazi ya reli, bado. Tangu nimuoe Brigitte sijawahi kumtazama mama yake usoni. Sijawahi kula mbele yake, wala yeye mbele yangu. Tukikutana njiani mimi natoka njiani, nachutama, napiga makofi polepole, naye anajifunika kikwembe kichwani na kupita. Nikiwa na neno, namwambia Brigitte, Brigitte anamwambia yeye. Ndiyo heshima. Mama mkwe hapewi amri, na ushauri ni amri iliyovaa viatu.

Sasa nitasemaje kwamba nimemshauri msimu mzima?

Nimempa Brigitte neno alipeleke Katuba. Kwanza alikataa. Alisema mama yake ni Mkatoliki wa kwaya, hasemi uongo. Nikamwambia si uongo, ni kupanga ukweli upya. Akasema hata huko kupanga, hapana. Nikamwambia basi, nitaenda kwa Casimir, nitabeba simenti, na mama yake atanipita barabarani nikiwa mweupe kama mwanasesere wa unga. Akaondoka kwenda Katuba.

Jioni amerudi na jibu. Mama Domitille ameuliza kwanza kama bwana wa Brigitte anaweza kutofautisha muhindi na muwa. Nimelipokea swali hilo kwa uvumilivu. Halafu amekubali! Si kwa ajili yangu. Alisema, "Bantu ba Katuba batasema nini? Asema mutoto yangu amefanya bwana ya dada yake boyi? Haya itakuwa kwangu." Basi aibu yangu ya kuwa mtumishi imekuwa aibu yake pia, na hapo ndipo bahati yangu ilipo.

Ameweka sharti: niende shambani walau mara moja kabla ya kamati, ili nijue liko wapi.

Jumamosi, tarehe 7

Tumefanya zoezi. Nimechoka, nimeloa, lakini limefanyika.

Mkwe haendi kwa mkwe mikono mitupu, kwa hiyo nilibeba kuku. Tulipofika, Brigitte alisema anakwenda kuchuma matembele, akapotelea upande wa pili. Nadhani alifanya makusudi. Nikabaki mimi, Mama Domitille na kuku. Mimi nimempa mgongo mama, mama amenipa mgongo mimi. Hakuna wa kutupitishia maneno.

Basi nikasema na kuku. Nikamwambia kuku, mwambie Mama kwamba akiulizwa nani alimwonyesha kupanda kwa mistari, aseme ni mshauri wake. Nyuma yangu nikasikia Mama Domitille anamwambia kuku, "Ambia bwana ya Brigitte asema mistari nilionyeshwa na marehemu bwana yangu, mbele yeye hayajazaliwa." Nikamwambia kuku kwamba marehemu alikuwa mtu mkarimu, asingekataa kumpa mkwe wake mistari michache. Mama akamwambia kuku sawa, lakini Jumapili ataungama kwa padri.

Tukaendelea hivyo. Mbolea, nikamwambia kuku. Palizi, kuku akaambiwa. Nilianza kumpenda yule kuku. Alikuwa anasikiliza kuliko mkulima yeyote niliyewahi kumshauri.

Ndipo mvua ikashuka. Shambani kuna kibanda kimoja tu, cha nyasi, kidogo. Mama Domitille aliingia. Brigitte alikuja mbio akaingia. Kuku akaingizwa. Mimi siwezi kukaa chini ya paa moja na mkwe, magoti yamebanana! Nikasimama nje. Mvua ya mwezi wa pili mnaijua. Kutoka ndani nilisikia Mama Domitille anamwambia Brigitte niingie tu, Mungu ataelewa. Nikamwambia Brigitte amwambie Mama kwamba mvua ni nzuri kwa mshauri wa kilimo. Nikaendelea kusimama, nikitazama mahindi yakinywa.

Jumatatu, tarehe 9

Homa. Pua imefunga kabisa. Paulin amekuja kuniona na malimau mawili. Aliuliza kwa huruma mkulima wangu ni nani. Nikamwambia ni mama mmoja mashuhuri wa njia ya Kasenga, simtaji jina kwa sababu ya siri ya kazi. Aliuliza kama nimeloa huko. Nikamwambia washauri wa kweli huloa. Akatazama mabuti yake.

Lakini nimelala kitandani nikafikiri. Maneno tumeyapanga, macho je? Siku ya kamati hakuna kuku. Nitalazimika kusimama mbele ya Mama Domitille na kumtazama kama mtu anavyomtazama mteja wake.

Nikaanza kujizoeza. Kuna picha yake sebuleni, ya siku ya ndoa yetu. Nikasimama mbele ya picha, nikasema, "Bonjour Mama, mahindi yanaendeleaje?" Ilishindikana. Mara ya kwanza niliitazama fremu. Mara ya pili nilitazama msumari. Mara ya tatu nilijikuta nimechutama na mikono inapiga makofi yenyewe. Abigaëlle alikuwa mlangoni. Alimwita mama yake, akasema Papa anaabudu picha ya koko, bibi yake. Brigitte akaigeuza ikatazama ukuta, akanipa dawa ya homa.

Alhamisi, tarehe 12

Nimepata! Miwani nyeusi.

Nikivaa miwani nyeusi sana, sitamwona vizuri, na nisichokiona hakiwezi kunichutamisha. Wao kamati watadhani nalinda macho na jua kama wataalamu wa miradi. Nimezunguka soko zima la Kampemba. Miwani ya kawaida haifai, inaonyesha kila kitu. Mwishowe nikapata moja kwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, yenye vioo vyeusi kabisa. Fundi alisema nikiivaa nitaona moto tu. Nikamwambia ndivyo ninavyotaka.

Brigitte ameniuliza swali moja: nikiwa sioni, nitatembeaje? Wanawake wanapenda kutafuta dosari kwenye mpango mzuri.

Jumamosi, tarehe 14

Niandike haraka kabla sijaanza kuusahau ukweli.

Kamati ilikuja na gari lao la jipu. Walikuwa wametoka kwanza kwa Paulin na walikuwa wananuka vitunguu. Madame Graciella alikuwa na kalamu sikioni. Yeye ni mtu wa Butembo, wazazi wake walikuja na biashara ya jumla, na desturi za kwetu hazijui. Mwenyekiti, Papa Symphorien, ni mzee mnene, mpole, anatembea na fimbo. Nilimwuliza kwa adabu anatokea wapi. Akasema Kabongo.

Kabongo! Huyu desturi zetu anazijua zote. Kati ya wazee wote wa Haut-Katanga!

Nikavaa miwani. Giza. Nikawaambia tuanze, nikatangulia kwa uhakika, nikagonga kichuguu kwa kifua. Nikawaeleza kwamba tunaanza na udongo. Nikakipapasa kile kichuguu muda mrefu, nikasema ni udongo mzuri. Madame Graciella akaandika kitu. Papa Symphorien akauliza miwani ni ya nini. Nikamwambia macho yangu yameharibika kwa kutazama mashamba.

Tukashika njia nyembamba katikati ya mahindi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ndipo nikasikia kikwembe kinasugua majani mbele yangu. Sikuona kitu, naapa. Lakini miguu haihitaji macho. Iliruka yenyewe nje ya njia, nikajikuta katikati ya mahindi, nimechutama, nimeinamisha kichwa, mikono inapiga makofi polepole. Miwani ikaanguka. Mbele yangu Mama Domitille, aliyekuwa amejiandaa siku nzima kunikaribisha kama mgeni wa kazi, alikuwa amejifunika kikwembe kichwani na amenipa mgongo.

Madame Graciella akauliza kwa nini mshauri amejificha kwenye mahindi. Nikasema natafuta viwavi. Akauliza, na makofi? Nikasema ni ya kuwafukuza.

Papa Symphorien alinitazama mimi, akamtazama Mama Domitille, akatazama tena mimi. Niliona sharubu zake zinatikisika kidogo. Akaomba ziara iendelee. Akamwuliza Mama ni nani aliyemshauri. Mama akasema mshauri wake ni huyu, akanyoosha mkono bila kugeuka, akawa ameonyesha jipu. Mzee akaniuliza mimi nilianzaje kazi na mama huyu. Nikajibu vizuri, kwa Kifaransa, lakini niliona nimeligeukia bua la muhindi nikalieleza lote. Nilipomaliza nikaliambia aksanti.

Hata hapo, nasema, tungeweza kupona. Lakini Chama kina desturi yake ambayo hakuna aliyeniambia. Ziara ikiisha, mkulima anachoma muhindi mmoja wa shamba lake, unavunjwa vipande viwili, mshauri na mkulima wanakula pamoja wametazamana. Wanasema mkulima asiyeweza kula na mshauri wake hajapata kumwamini. Madame Graciella alilieleza jambo hili akitabasamu, kama jambo zuri. Moto ulikuwa tayari. Muhindi ukachomwa. Papa Symphorien akauvunja kwa mikono yake mwenyewe. Nusu kwangu. Nusu kwa Mama Domitille.

Kula mbele ya mama mkwe! Nilishika ile nusu. Ilikuwa ya moto, nikaihamisha mkono huu na mkono huu. Niliwaza kadi. Niliwaza kizibao cha kijani. Niliwaza Casimir na simenti yake. Nikaufikisha muhindi mdomoni, nikafungua mdomo. Mdomo ukafunga. Nikajaribu tena. Nikamwona Mama Domitille, kwa pembe ya jicho, naye ameinua nusu yake chini ya kikwembe. Mwanamke mzima wa kwaya alikuwa tayari kuvunja desturi ya mama zake ili mimi nisipate aibu. Niliona uchungu kwa kweli. Nikatupa nusu yangu kwenye majani, na palepale nikasikia ya kwake nayo imeanguka.

Papa Symphorien alicheka. Alicheka mpaka akavua kofia, akaegemea jipu. Halafu akauliza, "Emery, mutoto yangu, huyu mama iko mukulima yako ao iko bukwe yako?"

Nikamwambia bua la muhindi kwamba ni vyote viwili.

Ndipo Mama Domitille akasema. Hakusema na mimi, alisema na Madame Graciella, akimshika mkono. Alisema bwana wa Brigitte ni mukwe muzuri, hajawahi kuja mikono mitupu, na Jumamosi iliyopita alisimama kwenye mvua yote kwa heshima. Akasema na wenye kutaka kumpa kazi wampe. Nilikuwa nimeanza kutumaini. Madame Graciella akauliza, na mashauri yake je? Mama Domitille akafikiri. Alikuwa amekwisha kusema uongo mmoja leo, naona aliona unatosha. Akasema, "Mashauri, hapana."

Jumatatu, tarehe 16

Paulin ameshinda. Amepita mbele ya nyumba yetu mara nne na kizibao cha kijani. Mara ya nne alisimama, akaitazama ndoo yangu ya nyanya, akanishauri. Bure, alisema, kwa sababu ya ujirani.

Papa Symphorien amenipigia simu mwenyewe. Hakukasirika. Alisema kijana anayeheshimu bukwe hivyo si mtu mbaya, na alikuwa hajacheka namna ile tangu Pasaka. Lakini kizibao hapana. Nirudi msimu ujao, alisema, "na mukulima mwenye unaweza kuangalia mu macho."

Nimeyaandika maneno hayo vizuri, maana ni maneno ya mwenyekiti.

Brigitte hakunigombeza. Alisema mama yake ameniletea gunia la mahindi, na kwamba ameungama kwa padri, na padri naye alicheka. Kila mtu anacheka mjini hapa. Usiku wa leo tutakula ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe, na kesho kutwa nitaenda kuzungumza na Casimir. Kesho nina mambo.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa tatu

Siku yangu ya kwanza depo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Casimir alinipokea mlangoni. Ananiita "yaya Emery", kaka mkubwa. Amenipa kiti chenye mto. Amewaambia wapakuaji kwamba mimi ni mkubwa wake na agronome, wakinisikia mimi wamemsikia yeye. Heshima ya namna hii inatia mashaka. Nimekaa kwenye kiti siku nzima nikingoja aseme "mon petit". Hajasema. Nadhani ni ujanja.

Wapakuaji wamenisalimia vizuri. Mmoja aliuliza kuhusu mihogo ya mama yake. Nilimjibu kwa urefu, na alionekana kuridhika. Kesho nitajua.

Jumatano, tarehe 4

Leo limetokea jambo la furaha.

Saa ya chai nilikuwa na Casimir ofisini. Ghafla akatazama nje, akaacha kikombe, akaruka nyuma ya mifuko ya simenti, akachutama. Bosi mzima! Na suruali nyeusi! Nikauliza kuna nini, mapolisi wa kodi? Akaninong'oneza kwamba yule mama anayeingia ni bukwe yake, mama wa mke wake, na tafadhali yaya nimhudumie mimi.

Nikatoka. Mama Mwape, jina lake. Mama mnene, mwenye sauti, anataka mifuko miwili ya simenti kwa ajili ya kisima cha shamba lake. Shamba gani, nikamwuliza. La kabichi, akasema, kubwa, huko nyuma ya Katuba, na msimu huu hajui kabichi zina ugonjwa gani, hana hata mtu wa kumpa ushauri.

Nilimtazama. Usoni. Machoni kabisa! Nikamtazama tena kuhakikisha. Magoti yakabaki wima. Mikono ikatulia. Akatoa vitumbula kwenye mfuko, akanipa kimoja, tukala pamoja tumesimama, tumetazamana, mimi nikitafuna mbele yake bila shida yoyote, na nyuma ya simenti Casimir akikohoa vumbi.

Sasa naelewa kilichoniangusha tarehe 14. Watu wanadhani ni uongo. Brigitte anadhani ni uongo, padri anadhani ni uongo. Uongo wenyewe ulikuwa imara. Nilikosea mkwe tu. Papa Symphorien mwenyewe amesema: mkulima ninayeweza kumtazama machoni. Nami nimempata! Na Casimir hawezi kukanyaga shamba lile bila kuitwa, kwa hiyo hakuna atakayekuja kuniharibia. Desturi itanilinda.

Nimemwahidi Mama Mwape kwamba Jumamosi nitakuja na kumwambia la kufanya. Ameniita "Monsieur l'agronome". Sijawahi kulima kabichi, na ugonjwa wake siujui. Lakini mama mkwe huyu si wangu.